Wanataka Niseme Ulikuwa Utani Tu

Jumatano. Jua limetoka na hasira zake tangu asubuhi, upepo hakuna, nguo za mwanzo zimekauka kambani kabla sijamaliza kuanika za mwisho. Na mimi ndani hivyohivyo, nimekauka.

Mmezoea Skola anipitishie macho kabla sijatuma, anirekebishie herufi. Leo hayupo. Skola, yaani Skolastika, mjukuu wangu niliyemlea mwenyewe, yuko kituo cha polisi tangu juzi. Kwa hiyo mkiona nimekosea, nyamazeni. Nimeishia darasa la nne, tena Songea, tena zamani, na mambo ninayoyasema mnayaelewa.

Niwaeleze kuanzia mwanzo, maana huko mitandaoni kila mtu anaeleza lake.

Jumamosi tulimzika jirani yangu Mzee Kihwele, fundi viatu, Mhehe wa Iringa. Mie Mngoni. Hao ni watani. Babu zetu walipigana vita, sie wajukuu tukabaki tunapigana kwa maneno. Miaka yote tuliyokaa jirani huku kwetu, mbele ya Gongo la Mboto, sijawahi kumwamkia mzee yule kwa heshima. Namwambia, "Bado mpo tu, nyie mliotukimbia?" Naye hata hainui macho kwenye kiatu: "Nani alimkimbia mwenzake? Nenda kamuulize babu yako kaburini." Mkewe, Mama Kihwele, yeye ni kucheka na kuleta chai.

Kwenye msiba mtani ana kazi yake. Wenzake wanalia, yeye anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anaongea kama marehemu, mpaka wafiwa wacheke hata kama hawataki. Hakasirikiwi. Hata awe mkubwa gani aliyeguswa, anameza. Ndivyo tulivyokuta.

Basi Mama Kihwele akanipa koti. Lile zito la sufu, alilokuja nalo mzee kutoka baridi ya kwao, akakaa nalo kwenye joto la Dar es Salaam mpaka siku ya mwisho. Nikalivaa. Nikaomba gazeti.

Maana Mzee Kihwele alikuwa mtu wa gazeti. Asubuhi, kabla hajashika sindano, alikuwaga anasoma kwa sauti pale kibandani kwake, nasi tusio na macho mazuri au shule nzuri tunasikiliza. Kuna gazeti moja alilipenda, lenye ulimi. Likafungiwa. Eti limekiuka hiki na kile. Mzee akabaki na toleo la mwisho, akawa anasoma hilohilo kila asubuhi. Nikamwambia, Mhehe wewe, habari hizo zimeshaoza. Akanijibu, "Zimeoza vipi, na wewe maji bado hujapata?"

Kwa hiyo siku ya msiba nikakaa kwenye kigoda chake, nikashika gazeti juu chini, nikasoma kwa ile sauti yake ya puani. Diwani wetu alikuwa amekaa mbele, kwenye viti vilivyovishwa vitambaa.

"Ukurasa wa kwanza: Diwani afungua kisima. Ukurasa wa pili: Diwani afungua kisima kilekile. Ukurasa wa tatu: Diwani apiga picha na kisima. Ukurasa wa nne, maji..." Hapo nikaligeuza gazeti, nikalikung'uta kama natafuta kilichoanguka, nikachungulia nyuma yake. "Ukurasa wa nne umefungiwa."

Turubai zima lilicheka. Mjane alicheka mpaka wakamshika. Diwani naye alicheka, cheko la midomo.

Na kisima kile ni kweli, sikukitunga. Kilikatiwa utepe, tenki likapandishwa juu, bomba likapakwa rangi ya bluu, maji yakatoka, tukapiga vigelegele, na mie nilipiga kuliko wote. Baada ya hapo kimya. Ukiuliza unaambiwa pampu. Ukiuliza tena unaambiwa mwenye taarifa ya pampu yuko kwenye kikao.

Skola ndiye aliyenirekodi. Ana kituo chake cha habari cha mtandaoni. Kituo chenyewe ni simu moja na kijiti cha kuishikia. Akaiweka video. Jumatatu asubuhi akapigiwa simu aende polisi kwa mahojiano mafupi. Mafupi hayo hayajaisha hadi leo. Wanasema anatangaza bila leseni, na amesambaza uongo wa kumchafua kiongozi.

Uongo.

Mie ndiye niliyesema, wamemchukua aliyeshika simu.

Jana nilimpelekea wali na dagaa. Askari wa mapokezi aliniamkia vizuri tu, akaniambia nionje kwanza chakula mbele yake, ndio utaratibu wao. Nimeonja. Kumlisha mtoto nimemlisha mie tangu hana meno, leo naonja nionekane sijamtilia sumu. Skola akaletwa, nywele timtim, macho makavu.

"Bibi, wakija kwako usiseme ulikuwa utani."

"Wewe kula."

"Bibi, nimesema."

"Na mie nimesema kula."

Mtoto mkaidi. Sijui kamrithi nani.

Narudi nyumbani, nakuta mtendaji wa mtaa ananisubiri kibarazani. Kijana mpole, shati limenyooshwa, mtu wa bara. Haya mambo ya utani wa misibani anayasikia tu. Akaamkia, nikaitikia, nikamuuliza mjukuu wangu anatoka lini. Akasema mambo yote yanaweza kuisha kwa amani. Niende asubuhi pale kisimani, nirekodiwe, niseme siku ile ulikuwa utani tu na kisima kinatoa maji. Skola atatoka siku hiyohiyo.

"Kisima hakitoi maji, mwanangu."

"Kesho kitatoa, bibi."

Alipoondoka nilikaa palepale na viatu mguuni. Ni kweli ulikuwa utani. Nisingedanganya. Lakini utani usio na ukweli ndani yake hauchekeshi mtu. Hawa wanataka niutoe ukweli, nibakize kicheko. Nikikataa, mtoto analala tena kwenye sakafu ile. Nikikubali, mtoto anatoka, lakini ananitazamaje?

Sasa nyie mnaoniandikia huku chini kila nikisema jambo: "Bibi tulia, siasa waachie wenyewe." Wenyewe ni nani? Ndoo kichwani kwangu ni siasa? Kuoga ni siasa? Na nyie waandishi wakubwa wenye ofisi na viyoyozi, nawasikia redioni asubuhi mkisomewa vichwa vya habari, vyote vimefanana kama sare za shule. Kiongozi apongeza, kiongozi apongezwa. Mnaogopa, najua. Na mie naogopa. Lakini mtoto mwenye simu moja ndiye amebaki kuuliza habari za pampu, nyie mna kamera za kubebwa begani, hamuoni haya?

Na asinisingizie mtu kwamba naichukia serikali. Nimepanga foleni ya kura juani na mtoto mgongoni. Nimevaa kanga zake, nimepokea wageni wake kwa ngoma. Mtu nisiyemjali simgombezi. Naigombeza kwa sababu ni yangu.

Haya. Asubuhi ya leo nilipokaribia kisimani nimekuta boza la maji, lori refu, mpira umepandishwa mpaka kwenye tenki, linajaza. Mchana kweupe, watu wanaangalia, hakuna aliyeona aibu. Wanawake walishapanga ndoo. Siwalaumu, hata mie niliibeba yangu.

Diwani alikuja na mpiga picha wake. Bomba likafunguliwa, maji yakatoka kwa nguvu. Nikasimamishwa pembeni yake.

Nikasema.

"Siku ile ulikuwa utani. Kama nimemuudhi diwani, anisamehe."

Nimesema mie, kwa mdomo huu. Maneno yalikuwa machungu kama nimetafuna mwarobaini. Nilikuwa namfikiria Skola na ile sakafu, basi.

Diwani alifurahi mno. Akasogea kwenye kamera, mkono begani kwangu, akasema sie tuna mila zetu nzuri, mtani hakasirikiwi, na yeye hakukasirika hata chembe, ataendelea kutaniwa na milango yake iko wazi. Angeishia hapo angekuwa amemaliza. Lakini utamu ulishamkolea.

"Bibi, hebu fanya tena kidogo kama siku ile! Tucheke wote, watu waone hatuna ugomvi!"

Mtendaji, kwa kutojua koti lile linampa mtani ruhusa gani, akatuma watu kwa Mama Kihwele wakalichukue.

Mama Kihwele hakumpa mtu. Amelileta mwenyewe, ingawa yuko eda, kajifunika kanga nyeusi. Akanivisha, akafunga kifungo kimoja kimoja. Akanitazama usoni, akaniambia taratibu, "Baba Kihwele, umeamka?"

"Nimeamka," nikasema kwa sauti ya puani. "Gazeti langu liko wapi?"

Mtu akanipa kipande cha gazeti kilichofungiwa vitumbua, kimelowa mafuta. Nikakishika juu chini.

"Ukurasa wa kwanza: Maji yatoka!"

Vigelegele. Diwani anapiga makofi.

"Ukurasa wa pili: Yameletwa na boza."

Makofi yakakatika. Nasikia maji tu yanavyomwagika kwenye ndoo.

"Ukurasa wa tatu: Boza laondoka."

Na kweli lilikuwa linageuza hapo nyuma yetu, linapiga honi watu wapishe. Hapo mama mmoja akashindwa, akaangua kicheko, wakamfuata wote. Nikasubiri watulie. Nikakigeuza kile kipande cha gazeti.

"Ukurasa wa nne," nikasema, nikamtazama diwani, "anao Skola. Wamemfungia nao."

Hakuna aliyecheka.

Nikamuona diwani anatafuta pa kuuweka uso wake. Angekasirika vipi? Ametoka kusema mwenyewe mbele ya kamera kwamba mtani hakasirikiwi. Akacheka. Alicheka peke yake, meno yote nje, jasho linamtoka. Mpiga picha wake alishaishusha kamera, lakini wale wanawake, kila mmoja mkono huu kwenye ndoo, mkono huu kwenye simu.

Mtendaji akanivuta pembeni. "Bibi, umeniponza."

"Mie? Aliyesema ni Mzee Kihwele. Nenda kamkamate."

Ndivyo ilivyokuwa. Nimerudi, nimekaa chumbani na simu, naandika na nyie ili mikono iwe na kazi. Ujasiri wote uliishia kulekule kwenye koti. Mbona nilisema la ukurasa wa nne? Si nilishamaliza walilotaka? Si ningenyamaza, mtoto atoke? Kama wamekasirika, hasira hawaimalizii kwangu bibi kizee. Wanaimalizia kwake.

Kila pikipiki ikipita naacha kuandika.

Niliishia hapo juu. Mlango umegongwa.

Amerudi.

Amerudi na lile gauni la juzi, mkononi ana lile bakuli langu la dagaa ameliosha. Simu imebaki kwao. Ijumaa arudi tena kuripoti, na ameambiwa asiweke kitu chochote mtandaoni mpaka apate leseni. Hakukaa. Alisimama pale mlangoni akaniuliza swali moja.

"Bibi, ulisema?"

"Nilisema."

Akainamisha kichwa. Sikujitetea. Nikaenda jikoni kumchemshia maji ya kuoga, yale ya boza. Sikutaka anione uso.

Nikiwa huko nikamsikia Mama Kihwele ameingia, hata hodi hajapiga, nikasikia sauti yangu mwenyewe ya puani inatoka kwenye simu yake. Ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa pili. Nikasikia Skola anacheka. Ilipofika ukurasa wa nne nikasikia analia, kile kilio alichokizuia tangu Jumatatu. Nilimuacha. Mama Kihwele alikuwa naye, na mjane anajua kumbembeleza mtu anayelia.

Baadaye kaja jikoni, kaniegemea mgongoni kama alivyokuwaga mdogo. "Sauti ya Mhehe umeipatia," akasema.

"Nimekaa naye miaka yote, nitashindwaje?"

Tumekula. Amelala. Ijumaa naenda naye, na nitaonja chakula chao chote wakitaka.

Maji ya tenki yameshaisha, jirani amepita kuniambia. Bomba linakoroma tu.

Koti nimelitundika msumarini, Mama Kihwele amesema nikae nalo. Nalitazama tangu jioni. Watu wananipigia simu wananisifu, bibi umewaweza, bibi shujaa. Shujaa gani? Mie nina hasira. Nchi gani hii, mtu mzima na akili zangu, kusema tu bomba limekauka mpaka nivae nguo za marehemu? Na wasio na mtani je? Wasio na koti je?

Kukikucha nachukua ndoo yangu, naenda palepale kisimani. Nitafungua lile bomba la bluu. Likitoa maji nitasema limetoa. Lisipotoa nitasema halijatoa, kwa sauti yangu mwenyewe, na anayetaka kurekodi arekodi.

Koti nitaliacha hapo msumarini.