Omena Kando ya Mahindi

Jumatatu, 9 Juni 2025

Picha alizochora Dkt. Ombui, mkuu wa utafiti wetu, zimefika hapa ofisini Migori. Kila neno ni nukta. Unawauliza watu maswali mengi — omena, mbuta, mahindi, kipi hakiendani na vingine? — na vile wanavyoviona vinafanana vinakaa karibu, vingine mbali, mpaka unapata umbo. Umbo la akili yao, anasema. Kisha mashine, ile akili bandia, inaulizwa yaleyale, nayo inatoa umbo lake. Tunalinganisha, tujue kama inafikiri kama watu.

La Homa Bay, alilokusanya Elvis, mmoja wa vijana wangu wa kuuliza maswali, limekaa juu ya la mashine kama kifuniko na sufuria. Daktari karibu aimbe! La mwenzake Rispa, kutoka Muhuru Bay, limepinda. Omena, dagaa wa ziwani, imehamia kando ya mahindi; mbuta, samaki mwenzake, imetupwa huko. Wanawake arobaini wa sokoni, jibu moja. Arobaini! Kanisani kwetu watu kumi hawajakubaliana rangi ya mapazia tangu Januari. Huyu msichana aliketi mahali na soda yake akajijazia majibu.

Jumatano, 11 Juni

Nimemwita Rispa. Nimemuuliza mara tatu, kwa njia tatu. Jibu ni lile: "Madam, mimi niliandika tu venye walisema." Hakutetemeka hata kidogo. Asiye na hatia hutetemeka kidogo — au?

Daktari ameniachia uamuzi. Nikiandika kwamba ametunga, kazi imeisha, na jina lake halitachukuliwa tena kwa utafiti wowote. Alikaa miaka miwili bila kazi kabla ya hii. Najua, mimi ndiye niliyemwajiri.

Ijumaa, 13 Juni

Nimetuma. Maneno mawili: ametunga majibu. Kesho Sabato, nitapumzika.

Jumapili, 15 Juni

Sokoni Migori, kwa Mama Robi. Amenipimia mahindi kwa gorogoro. Halafu akautia mkebe uleule kwenye omena, akampimia mteja mwenzangu. Nikasimama pale kama nimepigwa. Nikamuuliza: omena, mbuta, mahindi — kipi hakiendani? Akacheka. "Si ni mbuta! Hiyo ni ya mzani. Hizi zingine ni za gorogoro." Nikamuuliza jirani yake. Mbuta. Wa tatu. Mbuta, na akaniuliza kama niko sawa.

Siko sawa. 

Jumatatu, 16 Juni

Kama soko la Migori linafikiri hivyo, mbona Homa Bay wafikiri kama mashine? Nimechukua orodha ya Elvis ya watu aliowauliza, nikaenda Mbita, hukohuko kaunti ya Homa Bay, mwenyewe. Wa kwanza, Priscah, anauza omena. Hajawahi kuulizwa swali lolote. Kijana mmoja mtanashati aliomba tu namba yake ya simu. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu sikumtafuta.

Elvis nilimkuta Homa Bay mjini, tai shingoni. Hakukana! Alikaa hotelini na chai, akaiuliza mashine yenyewe kwa simu, akanakili. "Lakini madam, si ni wewe ulisema kwa training majibu ya ajabu yatarudishwa?"

Nilisema. Mungu wangu, nilisema.

Kwa hiyo daktari amelinganisha mashine na mashine. Na mimi, ninayemshuku hata anayenipimia sukari, sikumshuku Elvis hata siku moja. Kwa sababu ya tai, na ile "yes madam" yake.

Jumanne, 17 Juni

Saa tatu asubuhi. Rispa amekuja kurudisha tablet aliyokuwa akiandikia majibu. Ameketi mbele yangu, mimi najifanya naandika mambo ya kazi. Sijamwambia kitu. Daktari pia sijamwambia. Amepiga mara mbili, sijashika. Leo anawapelekea wakubwa wake umbo la Homa Bay. Nikisema kweli, nimejifukuza mwenyewe. Naona aibu hadi masikio yanawaka.

Fomu ya kurudisha vifaa ina mstari: sababu ya kuondoka. Ni mimi wa kuujaza. Nimeweka kalamu pale mara mbili, nimeitoa mara mbili.

Rispa ameona. Amesema polepole, bila hasira, na hilo ndilo linaloniua: "Madam, andika tu ile uliandika Ijumaa. Gari ya Muhuru inatoka saa nne."

Simu inaita tena. Ni daktari. Rispa ananitazama, anangoja —