Godoro la Bwire

Jumatatu, 3 Juni 1985

Ofisini saa moja na nusu. Wa kwanza kufika, kama kawaida. Asubuhi nzima nimetafuta faili moja, kumbe mkuu wa idara alikuwa amelikalia. Chai ya rangi, bila sukari. Nimerudi nyumbani Kamunyonge kwa miguu.

Bwire, jirani yangu, ameshusha godoro. La sponji, maua mekundu, bado liko kwenye nailoni yake. Limetoka Sirari, mpakani, juu ya lori. Watoto wa mtaa mzima wamelisindikiza mpaka mlangoni utadhani bibi harusi. Mke wangu Nyangeta naye alitoka kuangalia. Akalibonyeza kwa kidole. Akarudi ndani akasema ukilibonyeza linainuka lenyewe. La kwetu la sufi ukilibonyeza linabaki hivyo hivyo hadi Pasaka.

Nina wivu. Naandika hivyo kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu.

Jumatano, 5 Juni

Huyu Bwire alikuwaga tarishi wangu pale masjala. Miaka sita alinibebea mafaili. Juzi juzi tu watu wa aina yake walikuwa wanakamatwa, wanaitwa walanguzi. Sasa mambo yamelegezwa, anaitwa mfanyabiashara. Anauza sabuni na mitumba sokoni. Na bado kila asubuhi ananiamkia, "Shikamoo mkubwa." Angekuwa na kiburi ningepumzika.

Kuna jambo jingine, baya zaidi. Mwaka mmoja mimi na yeye tulipeleka posa nyumba moja kule Mugango. Binti ndiye Nyangeta. Mama yake akanichagua mimi, mtu wa kalamu. Miaka kumi na miwili namshukuru yule mama moyoni. Nimekuwa nikisema ana macho ya kuona mbali.

Leo barua imefika. Macho yenyewe yanamsumbua. Anakuja hospitali, wiki mbili.

Alhamisi, 6 Juni

Mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Hapewi mkono, wala hamwangalii mkwe usoni. Na kitanda anacholalia yeye, mkwe hakigusi hata kwa nguo. Kwetu hilo halina mjadala.

Zamani alikuwa akija analala kwa mjane mmoja wa kanisani. Mjane amehamia Butiama kwa mwanawe. Nikamwambia Nyangeta nitafikiria. Akasema nisijisumbue, ameshaongea na mke wa Bwire. Chumba kipo. Godoro lipo.

Sikula.

Jumamosi, 8 Juni

Amefika na basi la saa nne. Nimemsalimia nikiwa ng'ambo ya barabara, uso pembeni, kofia mkononi. Ameitikia akiangalia ukuta. Heshima tupu.

Bwire si mkwe. Kwa hiyo amemshika mkono, amembebea kikapu, ameketi naye kwenye kochi wakaanza kucheka. Nimewasikia kupitia dirishani. Yaani kwa kumkosa binti amepata ruhusa ya kukaa na mama yake. Mimi niliyepata mke nasimama barabarani kama mgambo.

Nyangeta amerudi kutoka huko ananukia sabuni ya kuogea. Mama amekunywa chai ya maziwa. Na sukari. Na mkate, na siagi juu ya mkate.

Jumapili, 9 Juni

"Mama amelala kama mtoto." Nyangeta amesema hivyo mara tatu kabla ya ibada. Kanisani somo sikulisikia. Nilikuwa nahesabu vitambaa vya kochi la Bwire kichwani.

Nataka kujua kitu kimoja tu. Yule mama anajuta?

Jumatatu, 10 Juni

Nimenunua samaki, sato mzuri, nimempelekea mama mkwe kwa mkono wa Nyangeta. Amekuta Bwire ameshanunua wawili. Huyo wangu wamempa paka. Nyangeta anasema si kweli, wamemkausha. Najua ninachojua.

Jumatano, 12 Juni

Nimeharibu. Acha niandike ilivyokuwa.

Karatasi zimekwisha ofisini, wakaturuhusu saa sita. Nyumbani hakuna mtu. Nyangeta amempeleka mama hospitali. Bwire na mkewe wako sokoni. Beseni lao lilikuwa kwetu. Nikasema, mtu mwungwana hurudisha beseni.

Mlango wao haufungwagi mchana. Nikaliweka beseni jikoni. Nilikuwa naondoka. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, na maua mekundu yanaonekana.

Nilitaka kulibonyeza kwa kidole tu, kama Nyangeta. Likainuka lenyewe. Nikabonyeza kwa ngumi. Nikakaa. Nikavua viatu, maana kulala na viatu kwenye kitanda cha watu ni ushamba. Nikajinyoosha niseme nimejua, yaishe. Nilisema dakika moja.

Nimeamshwa na kimya. Mama mkwe amesimama mlangoni, jicho moja limefungwa bandeji nyeupe. Nikaomba hilo lililofungwa liwe ndilo la upande wangu. Halikuwa hilo. Akajifunika khanga kichwa kizima akageukia ukuta. Nami kutoka nje hakuna njia ila kupita mgongoni kwake. Nimepita. Viatu nimeviacha.

Nyangeta alikuwa uani anamwita mama yake. Ameniona natoka na soksi.

Alhamisi, 13 Juni

Mama mkwe hakulala kitandani. Ameketi kwenye mkeka jikoni kwa Bwire, anataka kurudi Mugango leo leo. Mganga wa hospitali amesema bandeji ibadilishwe kila siku kwa siku kumi, la sivyo jicho litaondoka. Yeye anasema bora jicho kuliko aibu. Nyangeta amelia mbele yangu bila kunitazama. Sijawahi kumwona hivi.

Mjomba wa akina Nyangeta, Mzee Masatu, ameletwa kutoka Mugango. Amesema kondoo. Achinjwe, tupakwe wote wawili, ndipo mama atulie na matibabu yaendelee. Kabla ya Jumapili.

Bwire amekuja mlangoni kwangu, amesimama kama zamani alipokuwa analeta faili. "Mkubwa, kondoo mimi naweza kumpata." Nimesema hapana kwa sauti iliyonishtua mwenyewe. Viatu vyangu alikuwa navyo mkononi. Amevipiga na kiwi.

Ijumaa, 14 Juni

Nimeomba ruhusa ofisini kwa sababu za kifamilia. Lori hadi Bunda, lori jingine hadi Nyamuswa. Nimezunguka mnadani tangu saa tano. Hakuna aliyetaka noti zangu. Wanataka chumvi, wanataka betri, wanataka nguo. Mzee mmoja akaangalia mkono wangu. Nikavua saa nikampa. Akaiweka sikioni, akatabasamu, akanipa kamba yenye kondoo mwishoni.

Kurudi nimekaa nyuma ya lori, kondoo amelala miguuni pangu. Amejisaidia kwenye suruali yangu ya ofisi. Sina nyingine nzuri.

Laiti ningemkubalia Bwire. Hapana. Heri hivi.

Jumapili, 16 Juni

Imefanyika uani kwa Bwire, baada ya kanisa. Kondoo amechinjwa. Mzee Masatu amechukua majani ya tumboni mwake, akapaka miguu yangu, akaenda upande wa pili akapaka ya mama mkwe. Tulipeana migongo. Nyama imepikwa vyungu viwili, chake mbali na changu.

Kisha mzee akauliza kama kuna mwenye neno moyoni. Desturi inataka mtu alitoe papo hapo, asilibebe. Mimi nikaomba msamaha. Halafu, sijui nini kilinituma, nikamshukuru mama mkwe kwa kunichagua miaka ile, nikasema najua leo labda anajuta.

Akajibu akiangalia ukuta.

"Mimi sikukuchagua, baba. Nisiseme uongo na majani haya miguuni. Mimi nilimtaka Bwire. Alikuja akanichanjia kuni. Wewe ulikuja ukauliza kama kuna kiti. Ni huyu mtoto. Alikaa siku tatu hali chakula, analia, anasema ni yule wa kalamu au hapana mtu. Basi nikachoka."

Hakuna aliyecheka. Bwire alikuwa anaangalia chungu. Mkewe aliinuka kwenda kuchukua maji ambayo hayakuhitajika. Nyangeta alikuwa amepiga magoti anamlisha mama yake, hakuinua kichwa. Shingo tu niliiona.

Mzee Masatu akasema imekwisha. Mama ametulia, kesho anarudi hospitali. Usiku huu atalala kitandani, godoro limeanikwa juani mchana kutwa.

Nimekuja kulala mapema. Miaka kumi na miwili nimemshukuru mtu ambaye siye.

Jumatatu, 17 Juni

Nimefika ofisini nimechelewa, sijui kwa kiasi gani. Faili la mkuu limepotea tena.

Bwire amepita asubuhi, "Shikamoo mkubwa." Nimeitikia, nikamwuliza hali ya biashara. Ameshangaa. Amenieleza mpaka nikajuta kuuliza.

Jioni Nyangeta alikuwa uani anachambua maharage. Nimevuta kigoda nikakaa mbele yake. Sijawahi kuchambua maharage. Lile swali la kujuta nililokuwa nalo kwa mama yake, kumbe ni la kwake. Nilikuwa nalo mdomoni kabisa. Naogopa jibu, kwa hiyo nikatoa changarawe.

Hakuniuliza nimefuata nini. Alisogeza ungo kidogo, ukawa katikati yetu.