Hasara Uliyotugawia, Kaka Rajabu

Kaka Rajabu,

Shikamoo. Naitoa kwa ajili ya umri wako tu, maana sioni kingine cha kukuheshimia.

Unamkumbuka yule bwana wa benki aliyekuja Bagamoyo kutoka Dar, miaka ile ya mwanzo wa uhuru? Ulimleta nyumbani, ukawa unaupigapiga ukuta wa mawe kwa kiganja kama muuza ng'ombe, ukimwambia haya yote baba katuachia. Mama akawaletea kahawa. Mgeni akaitazama nyumba akaridhika. Hakukuuliza umewahi kuuza nini maishani. Nyumba ya rehani ilikuwapo, biashara yako ilimhusu nini? Ukachukua mkopo wa riba, wewe uliyekuwa ukitukemea kwa kuimba jikoni siku ya Ijumaa.

Fedha ya benki ilipokwisha, ukamwendea Shangazi Mwanahamisi. Kwake ulivaa kanzu. Nilikuwa nachagua mchele pale barazani, nikakusikia ukisema kwa sauti ya msikitini, "Shangazi, riba haramu. Wewe toa mtaji wa kununulia samaki, mimi natoa jasho. Faida tunagawana. Ikija hasara, wewe umepoteza mtaji, mimi nimepoteza jasho langu."

Akauza bangili zake za dhahabu. Naye hakuuliza. Angemhojije mtoto wa kaka yake mwenye alama ya sijda usoni?

Ukarudi na uso wa msiba. Samaki wa Saadani, ulisema, wameozea Msata kwa mvua. Shangazi akajibu, "Basi, mwanangu. Mungu hakuandika." Ukala wali wake, ukaondoka.

Mimi nilikwenda Saadani kwenye arusi, nikamtafuta mzee anayekausha samaki. "Rajabu?" akasema. "Huyo alikuja akanywa chai akaenda zake. Hajanunua hata fungu moja." Baadaye tukasikia umeoa Tanga, na nyumba ya mkeo ina bati jipya. Hata jasho lenyewe hukulitoa.

Benki ikaiuza nyumba. Mama akahamia chumbani kwa shangazi, wanawake wawili uliowamaliza wakilala kitanda kimoja. Humo ndimo mama alimofia. Mazishini hukuonekana.

Hapa mjini bado wanabishana juu yako. Wa msikitini wanasema umeponzwa na riba. Wasomi wanasema kosa ni la shangazi, kutoa mali bila rehani. Wote wanakukuza bure. Bwana wa benki alitazama ukuta, shangazi akatazama paji la uso, na hakuna aliyekufuata kuona fedha inakwenda wapi. Mtu wa aina yako hahitaji zaidi ya hapo. Ungeila ya riba, ungeila ya halali, na ukaila kweli.

Sasa nina biashara ya mbata, nazi zilizokaushwa, huko Makurunge. Ninayempa mtaji naye ananipa sehemu ya faida, na kila wiki naenda kuzishika mbata kwa mikono yangu. Wengine wamepata hasara, nikaiona kwa macho, nikaibeba pamoja nao bila kinyongo.

Juzi mjumbe wako kaja kutoka Tanga kuomba mtaji, kwa njia ya halali, eti. Shangazi alimjibu kwa upole, "Mwambie nimemsamehe, ila mtaji sina."

Mimi mtaji ninao. Sijakusamehe.

Kaa huko huko salama.

Mdogo wako, kwa kuzaliwa tu