Sauti ya Mama Kwenye Laini ya Molo

Kaka yangu,

Jana nilipita pale ofisi yetu ya viazi ilipokuwa, hapa Nakuru. Siku hizi ni duka la viatu. Nilisimama nje nikitazama dirisha ulilokuwa unakaa karibu nalo na nyaya zako, mpaka askari wa mlangoni akauliza, "Mathe, unatafuta nani?"

Nilikuwa nakutafuta wewe wa Januari ile ya 2008. Barabara zilikuwa zimefungwa kwa vurugu za baada ya uchaguzi, kadi za simu zimekwisha madukani, na mama alikuwa amekimbilia stoo ya kampuni kule Molo pamoja na majirani. Njia pekee ya kumsikia ilikuwa simu ya ofisi, iliyopita kwenye laini ya kompyuta kati ya stoo na sisi. Wewe uliiita frame relay. Mimi niliiita balaa, maana sauti ya mama ilikuja vipande vipande, kisha kimya. Hatukujua kama analia au anatuita. Ukachukua funguo za pikapu. Nilikung'ang'ania shati, kwa sababu tulishasikia habari za watu kuvamiwa njiani, Salgaa na Sachangwan.

"Wacha basi nicheki kitu moja," ulisema, ukakaa, funguo bado mkononi.

Uliandika maneno kwenye skrini nyeusi, ukasoma tarakimu, ukasonya. "Ona hii. Ruta ya Molo inadhani iko na laini kubwa kama ya Nairobi!" Aliyeifunga mashine hiyo ya kupitisha mawasiliano alikuwa amenakili mipangilio ya ofisi ya Nairobi yote, asibadilishe kipimo cha laini. Basi mashine ya watu ilikuwa inamwaga rekodi za stoo kwa pupa kwenye laini nyembamba, na kilichozidi kilitupwa njiani. Sauti ya mama ilikuwa inatupwa pamoja nacho.

Mpaka leo nashangaa, kaka. Barabara nzima imezibwa kwa mawe, na wewe, mtu aliyeshindwa hata kuwasha jiko la makaa bila kuita jirani, umekaa kwenye kiti Nakuru unaigusa mashine iliyoko Molo. Ulifuta ile tarakimu kubwa, ukaandika ndogo, ya kweli. Ukaipa sauti nafasi yake mbele ya rekodi. Hapo simu ikalia.

"Msikuje!" Sauti ilikuwa safi, hata kikohozi chake nilikijua. "Barabara ni mbaya sana. Mniskie, msikuje. Tuko sawa, mimi na majirani wote. Na nyinyi, mmekula?"

Mama, katika hali ile, anauliza habari za chakula! Wewe ulicheka huku machozi yakikutoka, ukaweka funguo mezani.

Tangu tukuzike, mama amekataa kuhama Molo. Hunipigia kwa simu yake ya mkononi, na laini haikatiki kabisa. Jana jioni nilimweleza kuhusu duka la viatu. Akaniuliza kama nimekula, nikamwambia ndiyo. Kisha hakuaga wala hakukata simu, na nikajua anangoja nikupe simu, kama zamani. Nilingoja pamoja naye.

Lala salama, fundi wetu.

Ni mimi, dada yako mdogo