Nafasi Niliyokuachia Kwenye Biti

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Hapa Miyuji upepo umeanza, vumbi linaingia mpaka kwenye vitufe vya kompyuta, nami hata kulifuta nimechoka. Nakuandikia kwa sababu kila kitu kingine nilichojaribu kimenishinda.

Nakumbuka siku ile uliyofika kutoka Gulwe kuja kutibiwa koo. Ulinikuta nimevaa hedifoni, natikisa kichwa peke yangu chumbani kama aliyepagawa. Ukasimama mlangoni na mfuko wako wa karanga. "Huyu ndiye tuliyemsomesha chuo pale Chimwaga?" Nikakwambia natengeneza muziki. Ukaangalia kona zote. "Ngoma iko wapi? Kinanda kiko wapi? Mbona naona kompyuta tu?" Nikakujibu kwamba vyote vimo humo ndani. Ulicheka, mama, mpaka kikohozi kikakukaba.

Na kweli sikuwa na kitu. Sikuwa na kinanda wala gitaa, maikrofoni ndiyo kabisa. Nilikuwa na programu niliyonakili kwa mwenzangu wa chuo, nikajifundisha kwa kubonyezabonyeza. Herufi za kompyuta zikageuka kinanda. Ngoma nikawa nazichora kwenye vijumba vya mraba: ukijaza kijumba, ngoma inalia; ukikiacha, kimya. Biti zangu za mwanzo zilikuwa aibu tupu, nilirundika kila mlio nilioukuta humo. Ulivaa hedifoni juu ya kilemba, ukasikiliza huku umekunja uso kama mtu aliyeonja mboga iliyozidi chumvi.

"Mbona inakwenda kama mashine ya kusaga?"

"Ndiyo biti za siku hizi, mama."

"Sasa nani atacheza mashine ya kusaga?"

Ukaagiza beseni. Ukalipindua, ukalibana mapajani, ukapiga muheme, ngoma ya akina mama wa kwetu. Jamani! Mgonjwa aliyekuwa anapanda ngazi kwa kushikiliwa! Nikakuomba unifundishe palepale, ukakataa katakata. "Muheme ni wa wanawake. Mwanamume hapigi, na wewe unajua." Nikanuna siku nzima, sikufichi. Kesho yake, tukinywa uji, ukasema bila hata kuniangalia, "Nimefikiria. Wewe hupigi, unachora. Kuchora hakuna aliyekukataza."

Basi tukaanza. Wewe unapiga beseni, mimi nachora. Programu ile ilipenda kunyoosha kila kitu, kila pigo ilitaka kulirudisha kwenye mstari, nikatafuta mpaka nikajua pa kuizimia tabia hiyo. Ukawa unanisimamia: "Hilo la tatu lichelewe. Kidogo! Umezidisha, sasa limelala. Rudisha. Hapo, hapo, liache!" Nikikosea mara mbili unaniuliza kama masikio nimewekewa ya urembo. Sikuwahi kujua kwamba mama yangu mpole ana ulimi mkali hivyo akiwa kazini. Mzunguko mmoja wa ngoma ulitumalizia siku nzima, na dawa tukasahau. Nilikuwa na furaha, mama. Nalisema wazi kwa sababu wakati ule sikulisema.

Ngoma ilipokaa sawa nikataka sauti yako. Nikatoa simu ili nikurekodi, ukaifunika kwa kiganja. "Usinichukue na sauti hii ya kopo. Nikipona nitakuimbia vizuri. Wewe niachie nafasi." Nikakuachia. Katikati ya wimbo nikaacha sehemu tupu, nikaipaka kijani, nikaandika MAMA. Tulikuwa tumeambiwa unaendelea vizuri, nasi tukaamini. Ningekurekodi kwa kificho ningekuwa mwizi. Leo hii natamani ningekuwa huyo mwizi.

Koo lilizidi kuziba. Sauti ikawa mnong'ono, kisha hata mnong'ono ukaisha, ukawa unanigongea kwenye mkono kwa vidole: mara moja hapana, mara mbili rudia. Mvua za mwisho zilipokatika tukakurudisha Gulwe, tukakuzika.

Tangu hapo nimehangaika. Nikifungua wimbo, mikono yako inakuja vilevile, lile pigo la tatu linachelewa vilevile, halafu linafika lile eneo la kijani na hakuna kitu. Nilijaribu kuliziba. Programu ina sauti zake za watu, kwaya nzima inaimba "aaa", watu wa nchi gani sijui. Nikazipandisha, nikazishusha, nikazichanganya, nikazifuta. Nikatafuta sauti yako kwenye simu za ukoo mzima. Wapi! Wewe ulikuwa mtu wa kubipu tu, mama. Ukituma ujumbe, unamwandikisha mtoto wa jirani.

Mwezi uliopita nikabeba kompyuta na spika ndogo mpaka Gulwe, kwa mama mdogo, na akina mama wote mliokuwa mkipiga pamoja. Ngoma ilipoanza, mama mdogo alishika kichwa. "Huu mkono wa dada. Huu ni mkono wake kabisa!" Wakalia, wakacheka, mmoja akainuka akacheza. Nikawaambia, pakifika mahali patupu, tafadhali muimbe yale aliyokuwa anaimba yeye. Pakafika. Wakanyamaza. Nikarudia toka mwanzo. Wakanyamaza tena, wanaangaliana.

"Mama mdogo, mbona hamwimbi?"

"Tuimbe nini, baba? Hapo alikuwa anaanzisha yeye. Maneno alikuwa anayatoa kichwani, leo hivi, kesho vile. Sisi kazi yetu ilikuwa kuitikia."

"Hata mmoja hayajui?"

"Nani angejifunza, na yeye alikuwepo?"

Nikarekodi walichokuwa nacho. Waliimba viitikio vyote, sauti nne zimepandana, vizuri mno, na kati ya kiitikio na kiitikio wakakaa kimya kukusubiri umalize, kama walivyozoea. Nimevipanga kwenye wimbo. Rafiki zangu wanasema niweke mtu wa kurap pale katikati, eti wimbo utapendwa. Sitaki. Sina hamu ya kuchora ngoma nyingine, na yule anayeniambia nitazoea namtazama tu. Sitazoea. Nilianza muziki huu nikidhani kompyuta inatosha, kwamba lolote nitakalolikosa humo nitalitengeneza.

Pumzika, mama. Sijui hata namna ya kukuaga, kwa hiyo nakuambia tu kinachoendelea hapa. Wimbo nimeuwasha sasa hivi ninapoandika. Ngoma inakwenda, kinakuja kimya, halafu wenzako wanakuitikia kwa furaha kabisa, na wewe hujasema kitu.

Ni mimi,
kitindamimba wako.