Farasi Kazikwa, Watu Wameachwa

Jumapili. Joto limeanza kabla ya saa tatu asubuhi na mpaka sasa, alasiri imeshapita, halijapungua. Nimerudi kutoka Mlingotini na mchanga miguuni. Sijanawa, sijala, nimekaa moja kwa moja kuandika.

Nina hasira.

Ninyi mnaosoma hapa mnanijua. Huwa naandika habari za mirihani yangu ya kwenye makopo, za cherehani, za majirani zangu hapa Bagamoyo. Kusoma kwangu kuliishia darasa la saba, na kugombana sijui. Leo mnivumilie. Nisipoandika, nitamgombeza jogoo.

Kilichonikasirisha ni filamu. Ni filamu ya mfalme wa kale aliyeteka nchi za watu moja baada ya nyingine mpaka ramani yake ikaisha. Jina lake silitaji. Ametajwa vya kutosha.

Kwa nini mjane anayeshona mashuka aende kutazama vita vya watu wa zamani? Kwa sababu mume wangu, Shomari, alikuwa mtafsiri wa muvi. Alikaa na maiki na kuyasema kwa Kiswahili yale yanayosemwa kizungu, ili watu wa vibanda vya video na wa majumbani waelewe. Filamu hii ndiyo aliyokuwa akiitafsiri alipougua. Aliifikisha katikati. Sasa yapata miezi saba tangu tumzike. Eda nilikaa yote, nikatoka, na bado asubuhi naweka vikombe viwili.

Juzi wifi yangu Tatu, dada yake Shomari, alinipigia simu. "Wifi, muvi ya mwisho ya kaka imetoka, nimeiweka kwenye flashi. Njoo tuiangalie kwangu. Usiiangalie peke yako."

Leo nikaenda kwake Mlingotini. Nilitia daftari la Shomari kwenye pochi, maana sikutaka kwenda bila kitu chake. Sebuleni kwa Tatu kulikuwa na mkeka, sahani ya visheti, majirani wanawake watano, na karibu na mlango mwanamume mmoja tu, Maganga.

Maganga nimweleze, maana bila yeye hamtaelewa. Ni Mnyamwezi aliyezaliwa hapa hapa, na Shomari alikuwa Mzaramo, kwa hiyo ni watani. Walikuwa wakitukanana barabarani mpaka wageni wanasimama kuwaamulia. Siku ya mazishi, wanaume walipokuwa wanajiandaa kutoa jeneza, Maganga aliingia uani amevaa kofia ya Shomari na miwani ya Shomari, anakohoa kikohozi cha Shomari, akauliza kwa sauti ile ile, "Mke wangu, chai iko wapi? Nimekufa tangu alfajiri hakuna hata anayenikaribisha!"

Wanawake walicheka huku wanalia. Mimi pia nilicheka. Hiyo ndiyo ilikuwa pumzi yangu ya kwanza siku ile. Halafu Maganga akavua kofia, akaingia kaburini kumpokea mtani wake, akatoka udongo mpaka kwenye nyusi.

Hilo sijalisahau, hata leo.

Basi Tatu akawasha. Na sauti ya mume wangu ikaingia chumbani.

Sitaeleza nilivyojisikia. Nitaeleza nilichokisikia. Shomari alikuwa akirekodi chumbani kwetu, dirisha limezibwa kwa godoro, feni imezimwa, taulo lililoloweshwa shingoni. Kazi yangu ilikuwa kumfunika jogoo kwa tenga ili asiwike, na kuleta chai ya tangawizi bila kelele. Nilidhani nilikuwa naifanya vizuri. Kumbe wapi! Jeshi linavuka milima yenye theluji, watu wanatetemeka, na jogoo wetu anawika. Kisha, kwa mbali, kinasikika kikombe kikiwekwa mezani. Ni mimi.

Tatu alinifinya mkono. Na yeye alikuwa amesikia.

Sasa filamu yenyewe. Nianze na huyo mfalme. Anavuka jangwa, meno yake meupe. Anavuka mto, nywele zimekaa pale pale. Vumbi linamshika kila mtu isipokuwa yeye. Akifikiri, muziki unapigwa. Kila anapoingia wanamwita mkubwa, na sisi tuliokaa mkekani tunatakiwa tukubali. Ukubwa wenyewe ni upi? Kufika kwa watu ambao hawakumwita na kuwakuta wanapika.

Shomari aliliona hilo mapema. Kabla ya kurekodi alikuwa akiitazama filamu bila sauti, daftari mapajani, anawatafuta watu wa nyuma. Yule anayepita na ndoo. Yule aliyeinama kwenye kibanda chake. Watu ambao filamu haikuona haja ya kuwauliza jina. Yeye akawapa. Wala hakuyatunga majina yenyewe. Aliyaazima kwa watu wetu waliotangulia, wa hapa mjini na wa Mlingotini. Nilimwuliza kama si vibaya. Akanijibu, "Wao hawana haraka tena. Watanisaidia kazi."

Kwa hiyo kwenye nusu yake, mzee anayevuta punda darajani ni Mzee Pazi, aliyetutengenezea mlango. "Huyo Mzee Pazi," anasema Shomari, "punda hataki kuvuka, na yeye hataki kumpiga." Jeshi linapopita na mzee anaanguka, Shomari hafanyi mzaha. Anasema, "Mzee Pazi katutoka." Kisha ananyamaza, kama pumzi mbili hivi, huku mapanga yanaendelea. Yule mfalme, Shomari hakumpa jina kabisa. Alimwita Jamaa wa Farasi.

Wako waliosema Shomari anachelewesha muvi kwa kunyamaza kwake. Acha waseme.

Mfalme akashuka milimani, akafika mji wa pwani. Nyumba nyeupe, nyavu zimeanikwa, wanawake wanapara samaki. Nikajua ndipo hapa Shomari alipoishia, kwa sababu siku hiyo alizima maiki akasema kifua kinambana, tutaendelea kesho.

Sauti ikabadilika. Ikawa ya Maganga, ndiye aliyeimalizia.

Mji ule ulichukuliwa kwa dakika ishirini. Mshale ukampata kijana mgongoni, Maganga akasema, "Mgongoni tena! Sasa huyu atalalaje chali?" Mtu anakimbia na nguo zinawaka, "Mbio hizo utadhani kasikia pilau kwa jirani!" Mama mmoja mwenye chungu akaangushwa ukutani, na Maganga, "Mama kaacha futari motoni, nani atageuza samaki?"

Majirani walicheka. Nakiri vichekesho vilikuwa vizuri. Maganga ana kipaji, na siku nyingine ningecheka pia.

Halafu farasi wa mfalme akafa.

Hapo ndipo damu ilinipanda. Farasi akafa, na muziki wote ukarudi. Mfalme akapiga magoti kwa mara ya kwanza. Akamfumba macho farasi kwa mkono wake, akamwosha damu kwa maji ya bahari, akamfunika kwa joho lake. Jeshi zima likapanga mawe juu ya kaburi, mtu mmoja mmoja, na hata Maganga akalegeza sauti, "Nenda salama, rafiki wa kweli." Nyuma yao, kwenye picha hiyo hiyo, mji mzima umelala mchangani. Hakuna aliyeoshwa. Hakuna hata kanga ya kumfunika yule mama. Wale askari walipomaliza na farasi, walikwenda kunawa miguu baharini.

Nilisimama nikazima televisheni ya watu.

"Wifi!" Tatu akasema.

"Farasi kazikwa," nikasema. "Watu je?"

Maganga akacheka. "Shemeji, ni muvi hiyo. Wale wamelipwa, wakaamka, wakaenda kula."

"Mume wangu aliwaita kwa majina, wewe unawacheka."

"Mimi si mtani? Kazi yangu kuwacheka maiti. Nilimcheka hata mumeo na wewe ukacheka, nilikuona."

Jirani mmoja akaingilia kati, eti mtani hanuniwi, nimwombe radhi. Ni kweli, hanuniwi. Kwetu ukimkasirikia mtani msibani unaonekana umekosa adabu wewe. Nilijua nakosea. Sikunyamaza.

Nikamwambia, "Shomari ulimcheka, kisha ukaingia kaburini kumpokea. Hawa umemzika nani?"

Maganga akaangalia kisheti chake kama kimemsemesha.

Kisha akatoa lililomleta. Mwenye duka la muvi anataka filamu yote irekodiwe upya, kwa sauti ya Maganga mwanzo hadi mwisho. Wateja wanalalamika, sauti mbili zinawachanganya. Na ile nusu ya kwanza ina jogoo. Ya zamani itafutwa.

"Nimekataa kuanza kabla hujasema, Shemeji. Ndiyo maana nimekuja. Ukisema ndiyo nafanya, ukisema hapana basi."

Mzee Pazi na punda wake wafutwe. Zile pumzi mbili zifutwe. Kikombe changu kifutwe. Ili mfalme apate sauti moja ya kumsindikiza!

Nilitoa daftari kwenye pochi nikampa. Nilitaka tu aone kazi ya Shomari, kwamba nusu ya pili nayo ilikuwa imeshaandikwa, watu wote wa mji wa pwani, kila mmoja na mahali anapotokea. Kijana wa mshale alikuwa Sefu, binamu yake Shomari aliyepotelea majini. Anayekimbia alikuwa fundi baiskeli wa mtaani kwetu.

Maganga alisoma kwa kidole. Kikafika mahali kikasimama. Akarudia kusoma. Nilimsogelea nikaangalia. Naapa mstari ule nilikuwa nimeupita mara nyingi bila kuufikiria. Shomari aliandika: *Mama mwenye chungu, ukutani. Bi Nyamizi. Alikuwa ananipa ukoko.*

Bi Nyamizi ni marehemu mama yake Maganga.

Maganga akainua uso, akasema, "Huyu Mzaramo mshenzi kweli. Amenifia, halafu ananiulia mama kwenye muvi!" Akacheka peke yake, kwa nguvu, akaendelea kucheka mpaka akashika ukingo wa shati akajifuta uso, na hakuutoa ule ukingo usoni kwa muda mrefu.

"Na ukoko," alisema huko ndani ya shati. "Ukoko nilikuwa nanyimwa mimi, kumbe anapewa yeye."

Tatu alimletea maji. Mimi nilikaa chini mkekani. Hasira haikuwa imeisha, ila ilikuwa imehama. Ilimwacha Maganga ikarudi ilikostahili, kwa yule mwenye meno meupe na kwa wote waliokaa wakapanga mawe ya farasi wakaona inatosha.

Tulikubaliana hivi. Nusu ya Shomari haiguswi. Mwenye duka akikataa, Tatu ataigawa bure kwa flashi, nyumba hadi nyumba, na atakayechanganywa na sauti mbili achanganyikiwe. Nusu ya pili itarudiwa, kwa daftari. Maganga hakukubali kuacha mzaha, na mimi sikumtaka auache. Nilimwambia jina kwanza, utani baadaye, kisha anyamaze.

"Pumzi mbili?" akauliza.

"Mbili."

"Na majina nisome mimi? Mwandiko wa mumeo kama kuku kapita." Akanirudishia daftari. "Soma wewe, Shemeji. Mwandiko huu umeuzoea. Mimi jina la mama yangu sitaliweza, nitacheka."

Nimesema ndiyo. Mimi, ambaye darasani nilikuwa naitikia mahudhurio kwa kunong'ona.

Kwa hiyo nawaambia ninyi mnaopenda filamu kubwa. Hii ina farasi wazuri, ina bahari nzuri, ina mavazi ya kupendeza, na imetengenezwa na watu wenye uwezo wa kila kitu ambao hawakuona umuhimu wa kumfunika mama mmoja kwa kitambaa. Mkitaka kuitazama, subirini yetu.

Nimelifungua daftari tena sasa hivi. Majina ni kumi na tisa. Nimeyasoma kwa sauti mara mbili, humu chumbani, godoro likiwa bado limeegemea ukuta alipoliacha. Mara ya kwanza sauti ilikatika kwa Sefu. Mara ya pili nilifika kwa Bi Nyamizi na kumpita, mpaka mwisho.

Maganga anakuja kesho baada ya alasiri na maiki yake. Nitaziba dirisha, nitazima feni, nitaweka chai ya tangawizi karibu.

Jogoo sitamfunika.