Vifungo vya Baba Darasani

Shangazi mpendwa, nisaidie, maana hapa nilipo sina raha.

Mimi ni mwalimu wa watoto wanaojifunza taratibu, chumba cha mwisho koridoni, na nina mwanafunzi tunayemwita Bi Harusi kwa mwendo wake wa madaha, kujumlisha anajua lakini kutoa kumemshinda kabisa, maana ukimpangia vizibo vya soda ukamwambia aondoe viwili anaviondoa vizuri tu, halafu anavirudisha, na ukivificha analia mpaka darasa zima linalia naye, na mwalimu mkuu ameshasema asipoelewa muhula huu atarudishwa chekechea, na mwili wake mkubwa ule! Basi nikamkumbuka baba. Alikuwa fundi cherehani, nami nilikuwa mzito wa hesabu, akawa ananikalisha kando ya cherehani, harufu ya nguo iliyopigwa pasi imejaa chumbani, ananipangia vifungo kutoka kwenye kopo lake la biskuti, anafunika baadhi kwa kiganja na kuniuliza, "Hawa wamelala. Walio macho wangapi?" Nikalibeba kopo mpaka darasani, nikafunika kwa kiganja kama baba, na Bi Harusi akajibu! Akajibu tena na tena huku akicheka, nami nikageukia ubaoni wasinione ninavyolia. Lakini kengele ilipolia, kifungo kimoja kikubwa cha kijani, cha koti, hakikuwepo, na mtoto mwingine nikamkuta na kifungo mdomoni, nikaingiwa na hofu, nikalifungia kopo kabatini. Baba hayupo tena, cherehani iliuzwa, nilichobaki nacho ni kopo hilo. Nimejaribu kufunika vizibo kwa kiganja vilevile, Bi Harusi anavisukuma na kuniuliza, "Mwalimu, waliolala wako wapi?" Mtihani unakaribia. Nifanyeje?

Mwalimu wa Koridoni

Mwanangu mwalimu,

Pole sana. Barua yako imenifanya nami nisikie mlio wa cherehani. Sasa pole imeisha, nikuseme kidogo. Unamshangaa mtoto anayerudisha vilivyoondolewa, na wewe je? Kimepotea kifungo kimoja tu, umekimbilia kufuli. Nyie wawili mna ugonjwa mmoja, hamtaki kuona kitu kikienda. Yeye angalau ni mtoto.

Hofu ya mdomoni ni ya haki, hapo sikulaumu. Lakini mtoto wa fundi unashindwaje na vifungo? Tafuta kitambaa kigumu, vishone vile vikubwa kwa mstari mmoja, uzi uukunje mara mbili, ukaze fundo kama alivyokaza baba yako. Pembeni shonea kipande laini cha kufunikia. Hapo hakuna cha kumeza wala cha kupotea. Vidogo vibaki kwenye kopo nyumbani, ulitikise ukimkumbuka. Kisha mpeleke mtoto na kitambaa chake kwa mwalimu mkuu, amuone kwa macho yake akifanya hesabu, ndipo azungumze habari za chekechea. Kile cha kijani usikidai. Kama Bi Harusi ndiye aliyekichukua, basi kimepata pa kulala.

Na usimfunikie wewe. Mwache afunike mwenyewe, kisha muulize waliolala wamekwenda wapi. Atakuambia hawajaenda popote, wako hapa chini. Hapo, mwanangu, usigeukie ubaoni. Mwambie arudie, umsikie vizuri.

Shangazi